Maua ya Juu ya Bomba

9 Februari

Mdogo wangu,

Nakuandikia nikiwa mzima, isipokuwa masikio, ambayo siku hizi yamebaki kuwa pambo la uso tu. Ndiyo maana sitaki simu. Juzi uliponipigia ulisema mmehama nyumba, mimi nikasikia mmepata mjukuu, nikakupongeza bure. Tuandikiane. Msalimu wifi, na hao watoto waambie shangazi yao bado anakumbuka nani alimng'ata wakati anamtoa mwiba.

Hapa nyumbani kwa mama paa linavuja palepale. Jipya ni kwamba nimestaafu rasmi Ijumaa iliyopita. Walinifanyia sherehe wodini. Mganga mkuu alisoma hotuba iliyoandikwa kwa ajili ya mtu mwingine, maana alinisifu kwa kuzalisha, na mimi miaka thelathini na minne nimekuwa muuguzi wa vidonda. Halafu wakanikabidhi maua ya plastiki. Mawaridi mekundu, yamewekewa matone ya gundi eti ndiyo umande. Na yalikuwa na vumbi tayari! Unanijua mimi. Nimekamua usaha, nimekata nyama iliyokufa kwenye kisigino cha mtu huku nikiwaza nitakula nini mchana, na sijawahi kutapika hata siku moja. Lakini yale maua yalinitia kinyaa mpaka nikanawa mikono mara mbili.

Nadhani hasira hiyo ndiyo iliyoniingiza kwenye jambo ninalotaka kukuambia. Usicheke. Nachora. Nimenunua rangi za maji za watoto wa shule, zile za vidonge kumi na viwili kwenye kiboksi cha bati, na brashi moja. Kila asubuhi nashuka bondeni nyuma ya nyumba na kile kiti cha kukunja, nakaa pale kijito kinapopinda, nachovya brashi majini na kuchora magugu. Magugu, siyo maua ya bustani. Kishonanguo, mbigili, kifauongo. Nimeishi hapa miaka yote hii nikikikanyaga kifauongo kila siku, sikujua kwamba ua lake ni mpira wa nyuzi za zambarau, na kila uzi una kichwa cheupe kidogo kuliko punje ya chumvi. Nimejaribu kuhesabu zile nyuzi nikashindwa. Nimelamba ncha ya brashi ili ichongoke mpaka ulimi wangu umekuwa wa zambarau, nimetoka hapo na mgongo unauma, nimefurahi kama mjinga.

Nakutumia kifauongo kimoja nilichochora. Ukikiona kibaya kitupe, usinidanganye.

Dada yako

2 Machi

Shikamoo dada,

Sote hatujambo. Wifi yako anakusalimu sana na anasema mjukuu uliyempongeza hajafika, labda yuko njiani. Nyumba mpya ina nafasi, ila majirani wana mbwa anayebweka kama analipwa.

Kifauongo chako kimefika bila kukunjika. Sikudanganyi: nilikitazama muda mrefu. Nimekiweka ofisini chini ya kioo cha meza, na kila anayeingia anauliza. Kazi yangu ni ileile. Chupa za maji kutoka kiwanda cha ngozi cha huko nyumbani zinaletwa hapa makao makuu kila Jumatatu, napima, najaza fomu, natia sahihi. Ni kazi ya mtu asiyependa kelele, kwa hiyo inanifaa.

Kitu kimoja tu, dada, na ni ushauri wa uchoraji. Usichoree maji ya kijito. Beba ya bomba la nyumbani kwenye chupa. Maji ya kijito yana chumvichumvi, yataharibu rangi zako, na tafadhali acha kabisa kulamba brashi. Tena kama unataka maua mazuri zaidi, usikae pale kwenye kona. Panda juu, upite kiwanda, ufike kule kwenye mawe tulikokuwa tukiteleza utotoni. Ni mwendo kidogo lakini daktari si alikuambia utembee?

Nakuomba unisikilize katika hili.

Mdogo wako

20 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Waambie majirani wamlishe huyo mbwa.

Nimekusikiliza, ingawa sijui tangu lini umekuwa mwalimu wa uchoraji wewe uliyekuwa ukichora ng'ombe mwenye miguu mitano. Nabeba maji ya nyumbani, na nimehamia kule juu kwenye mawe. Umesema kweli, ni pazuri. Kati ya jiwe na jiwe kuna kale kaua ka buluu kenye petali mbili zilizosimama kama masikio ya panya. Kanafunguka asubuhi na saa sita mchana kameshajikunja, kamekwisha, kamekuwa kama machozi. Kwa hiyo inabidi niwahi. Nakutumia picha yake. Nakaa nimeinama, siongei na mtu, sichukizwi na mtu. Hiyo ndiyo raha yenyewe, kutochukizwa. Huku chini kila kitu kinanichukiza: redio za watu, mifuko iliyonasa kwenye miiba, yule mwenye duka anayepima sukari huku anajikuna.

Nikishuka napita pale kwenye kona yangu ya zamani. Dobi yuko palepale kila siku, amekunja sketi, ameingia majini mpaka magotini na mashuka ya nyumba ya wageni. Unamkumbuka dobi, yule mama aliyekaa nami siku zote nne za msiba wa mama akafua kila kilichofulika. Ananitania: "Bibi mchoraji, umepata cheo umehamia ghorofani!" Nami nampungia mkono nikiwa njiani. Siku hizi analalamika kwamba miguu inamwasha. Nimempa mafuta ya kupaka.

Lakini niambie, hiyo chumvichumvi imetoka wapi? Kijito hiki hakijawahi kuwa na chumvi.

Dada yako

30 Aprili

Shikamoo dada,

Samahani kwa kuchelewa, kazi zimenizidi. Watoto wamefaulu mitihani, mkubwa amekuwa wa tatu. Wifi yako aliumwa na mafua akapona.

Lile la buluu limewashangaza watu hapa. Bosi mwenyewe alisimama mezani kwangu akauliza nani kachora. Nikasema dada yangu, na ni maua ya bondeni kwetu. Akasema ana hamu ya kuona mengine. Nimekununulia karatasi nene na rangi za watu wazima, zimo kwenye kifurushi hiki. Ukipata nafasi nichoree sita hivi, makubwa kidogo, ya hukohuko juu kwenye mawe. Nitayatunza vizuri.

Natumaini bado unabeba maji ya nyumbani.

Mdogo wako

18 Mei

Mdogo wangu,

Nimefurahi huyo mkubwa kuwa wa tatu. Mwambie asiridhike.

Rangi zimefika. Nimezijaribu nikaona aibu kwamba nilikuwa napaka matope miezi yote ile. Nakutumia sita ulizoomba: kishonanguo, mbigili mbili, kifauongo, lile la buluu, na ua moja nisilolijua jina, jeupe, dogo kama kucha ya mtoto mchanga. Hilo limenila siku tatu. Nyeupe haichorwi, mdogo wangu, unachora kila kilicho pembeni yake halafu unaiacha yenyewe.

Uliniandikia ukurasa mzima na hukujibu swali langu. Sasa nitakuambia ninachokiona, halafu uamue kama utajibu.

Jumatatu ya wiki iliyopita nilimfungua dobi miguu. Nimeona vidonda vingi, kila kimoja kina tabia yake. Hivi ni vya duara, kingo zake zimesimama kama zimekatwa kwa kizibo cha chupa, ndani kikavu. Anavyo vinne mguu wa kulia, viwili wa kushoto, na sasa vinaanza kati ya vidole vya mikono. Mikono, na yeye ni dobi! Namsafisha kila jioni kwenye ngazi za jikoni. Wengine watano wamekuja na vidonda hivyohivyo, wote watu wa pale chini.

Kisha nikaenda mwenyewe kwenye kona. Maji yanaonekana meupe tu, ukiyaangalia umesimama. Ukichuchumaa unaona ngozi juu yake, kama ile ya maziwa yaliyopoa, na chini kwenye mawe kuna utelezi wenye manyoya. Nikavuta kwa kijiti. Nywele za ng'ombe, mdogo wangu. Fungu zima la nywele limegandamana kwenye kitu kama kamasi, na harufu yake ilinifuata mpaka kitandani. Kishonanguo hakipo tena pale chini. Kifauongo kimekuwa vijiti.

Nikachovya brashi nikapaka njano kwenye karatasi. Baada ya kukauka ilikuwa rangi ya jipu.

Wewe ndiye unayepima haya maji. Kuna nini ndani yake?

Dada yako

25 Julai

Kwa Dada,

Natumaini hujambo. Sisi wazima.

Kuhusu ulichouliza: vipimo vyote vya nusu ya kwanza ya mwaka viko ndani ya viwango vinavyokubalika. Mabwawa ya kuchujia yanafanya kazi kama kawaida. Wananchi wenye malalamiko wanashauriwa kuyafikisha kwa uongozi wa kiwanda kwa maandishi.

Ahsante kwa picha.

Mdogo wako

11 Agosti

Wewe,

Sisi wazima. Paa linavuja. Salamu zimekwisha.

Barua yako ya mwezi uliopita uliipiga chapa kwenye karatasi ya kampuni, na nilipoifungua nilidhani imekosea mlango. Miezi miwili nakungojea, halafu unanishauri nipeleke malalamiko kwa maandishi! Mimi niliyekufundisha kuandika!

Basi tulifanya hivyo. Watu wa pale chini waliandika, kiwanda kikaitisha mkutano, Jumamosi, kwenye ukumbi wa shule. Nilikaa mbele kwa sababu ya masikio. Dobi alikaa pembeni yangu, miguu imefungwa bendeji, amevaa soksi za mumewe juu yake ili asionekane. Akaja ofisa uhusiano wenu, kijana wa tai, kucha zake safi kuliko za mkunga. Alikuwa na maboksi mawili. Kabla hajasema neno akagawa kalenda za mwaka ujao, kila mtu moja, bure. Watu wakafurahi, kalenda ni kalenda.

Nikafungua yangu. Januari, mbigili. Machi, kifauongo. Mei, lile la buluu. Ni mimi. Ni mgongo wangu na macho yangu na zile asubuhi zangu, na chini yake jina la kiwanda kwa herufi za dhahabu.

Yule kijana akainua ukurasa wa Mei akasema: "Haya maua yamechorwa na mkazi wa bonde hilihili, pembeni ya kijito hikihiki. Niambieni ndugu zangu, maji ya sumu yanaweza kuotesha kitu kizuri namna hii?" Ukumbi ukapiga makofi. Nilimwona mtu mwenye kidonda akipiga makofi.

Nikasimama. Nikasema, "Hayo ni maua ya juu ya bomba lenu la maji machafu. Huku chini hakuna ua."

Akatabasamu, akaweka mkono sikioni. "Mama anasemaje? Ahsante mama. Tumpigie makofi msanii wetu."

Kiziwi ni mimi, lakini yeye ndiye aliyejifanya hasikii. Wakanipigia makofi. Dobi peke yake hakupiga, kwa sababu mikono haimruhusu.

Kwenye jalada la nyuma pameandikwa kwamba ubora wa maji umethibitishwa na mtaalamu, na chini yake kuna sahihi. Naijua ile sahihi. Ule mkia wake uliuiga kwa baba.

Nilirudi nyumbani nikatapika. Miaka thelathini na minne wodini sijatapika, nimetapikia kalenda. Halafu nikatoa barua zako zote kwenye droo, nikazipanga mezani kwa tarehe, nikasoma ile ya pili Machi. Usichoree maji ya kijito. Acha kabisa kulamba brashi. Panda juu, upite kiwanda. Nakuomba unisikilize katika hili.

Ulijua tangu Machi. Ukaniambia mimi ni chumvi. Ukanipeleka juu nichore maua yaliyo salama, kisha ukayachukua maua hayo ukayatumia kusema chini nako ni salama. Sijui kama ulipanga hivyo au mambo yalikuja yenyewe, na sijali. Nimeshika vitu vingi vichafu kwa mikono hii na vyote vilinawika.

Niambie ukweli, kwa mkono wako, siyo kwa mashine.

Dada yako, bado

29 Agosti

Dada,

Sina salamu za kukupa. Wifi yako hajui ninachokuandikia.

Bwawa la pili la kuchujia lilipasuka Januari. Sakafu yake imekatika, maji ya dawa ya ngozi yanapita chini yanatokea kwenye bomba bila kuchujwa. Kulikarabati ni lazima kiwanda kisimame wiki sita, na kulikuwa na mzigo mkubwa wa ngozi unaotakiwa nje ya nchi. Bosi aliniita akafunga mlango. Akasema, "Jaza za mwaka jana kwanza. Tukimaliza mzigo tutasimama." Nikajaza za mwaka jana. Mzigo ukaisha, ukaja mwingine. Kila Jumatatu naletewa chupa, nafungua, na harufu yake naijua kabla sijaweka kitu chochote ndani. Nanawa kwa sabuni ya hospitali. Wifi yako ananiuliza kwa nini mikono yangu imepauka.

Picha sikuzitoa kwa ubaya. Bosi alizipenda, akasema zitaleta heshima nyumbani. Nilipoelewa zinaenda wapi zilikuwa zimeshachapwa. Hapana. Si kweli. Nilielewa mapema kidogo, nikanyamaza.

Utauliza kwa nini nilikuonya wewe peke yako. Nilisoma barua yako ofisini, nikafika pale uliposema ulimi wako umekuwa wa zambarau, nikashindwa kukaa kwenye kiti. Ulikuwa unalamba brashi, dada. Ningefanyaje? Wale wengine walikuwa namba, wewe ulikuwa ulimi.

Sasa nakuomba. Ile barua ya Machi ni maandishi yangu na tarehe yake. Ikionekana, kazi imekwisha na huenda nikashtakiwa. Watoto hawa hawana kosa. Ichome. Nitalisukuma la bwawa huku ndani kimyakimya, nakuahidi kabla ya mwisho wa mwaka watasimama.

Ichome, halafu nitukane utakavyo.

Mdogo wako

3 Oktoba

Mdogo wangu,

Sikuichoma.

Usinifikirie shujaa kwa hilo, nitakueleza yote kama ulivyonieleza, ukisoma umesimama ukae.

Barua yako ilinifikia tarehe tatu Septemba. Niliisoma mara mbili nikaiweka droo moja na ile ya Machi, nikafunga kwa ufunguo. Nikajiambia nafikiri. Kila jioni dobi alikuja kwenye ngazi za jikoni, nikampasha maji, nikamfungua, nikamsafisha, nikamfunga. Kila asubuhi alirudi majini, kwa kuwa mashuka ya nyumba ya wageni hayamngojei mtu na kwake hakuna bomba. Nilimwambia aache, hakuacha, na sikumwambia kwa nini aache. Nilimwambia "pumzisha miguu", kama wewe ulivyoniambia "chumvichumvi". Siku ishirini na moja hivyo. Ukucha wa kidole gumba cha mkono wa kulia ulitoka kwenye pamba yangu, nikaufunga kwenye gazeti nikautupa, nikaenda kulala. Wewe ni ndugu yangu, na nilikuwa nawaza sura za watoto wako.

Siku ya ishirini na mbili nilishindwa kumgusa. Nilimwangalia ule mguu, mguu ninaoujua kama wangu, nikasikia kichefuchefu, na hakikutoka kwenye kidonda. Nikaingia ndani nikaleta barua zote mbili, nikamsomea.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Soma tena tarehe."

"Mbili Machi."

"Na wewe ulihamia lini kule juu?"

"Machi hiyohiyo."

"Nilikuona," akasema. "Nilikuona ukipita na kiti chako na chupa yako ya maji. Nikasema moyoni, mbona huyu anabeba maji na kijito kipo? Wewe ukanipungia mkono."

Nikamwambia sikujua. Nikasema nilidhani ni mambo ya rangi.

"Ulikuwa na akili ya kuuliza," akasema. "Ulimuuliza mdogo wako. Mimi hukuniambia hata kwamba umeuliza."

Alitaka nimfunge bendeji haraka aondoke, nami nikamfunga vibaya, kama mwanafunzi.

Nilijiona bora kuliko wewe, mdogo wangu. Nilikuwa nimekaa juu ya mawe naangalia vitu vidogo, nikijisifu kwamba macho yangu yamefunguka, naona kichwa cha uzi kwenye ua la kifauongo. Na mtu mzima amesimama majini mpaka magotini, mbele ya macho hayohayo, namwona kama sehemu ya mandhari. Nimejichukia kuliko nilivyokuchukia wewe, na wewe nilikuchukia sana.

Kesho yake nilipeleka barua zote mbili ofisi ya maji ya wilaya. Dobi alikwenda nami lakini alitembea upande mwingine wa barabara. Msichana wa mapokezi alitaka kuzigonga mhuri na kuziweka kwenye trei. Nikamwambia sitoki mpaka zisomwe na mtu mwenye kiti kinachozunguka. Tulikaa saa tano. Dobi hakuniuliza kama nina kiu. Hatimaye mkubwa wao akatoka, akazisoma amesimama, akarudia tarehe kwa sauti, kama dobi alivyonitaka nifanye. Akauliza, "Huyu mwandishi ni nani kwako?"

Nikasema ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Watakuita. Nimekuandikia ili usikie kwangu kwanza, ingawa najua barua hii itatembea polepole kuliko wao.

Dada yako

26 Oktoba

Shikamoo dada,

Walinifikia kabla yako, kwa siku nne.

Nilikuwa nimekaa mezani, kifauongo chako kiko chini ya kioo, wakaingia watu wawili na kuuliza kama sahihi ni yangu. Nilikuwa nimejiandaa kusema mengi. Nikasema ndiyo. Kisha nikafungua kabati nikawapa daftari. Hukujua kuhusu daftari, hata mimi nilijifanya silijui. Kila Jumatatu, kabla ya kujaza za mwaka jana kwenye fomu, nilikuwa napima kweli na kuandika pembeni kwa penseli. Tangu Januari. Majuma thelathini na tisa. Sijui nilikuwa namwandikia nani. Labda nilitaka siku moja niseme kwamba sikuwa mwongo kamili, na ukiliangalia daftari lenyewe utaona ndilo linaloonyesha kwamba nilikuwa mwongo kamili, maana nilijua mpaka nukta.

Nimesimamishwa kazi. Bosi anasema hakuwahi kunifungia mlango. Wifi yako amezungumza nami jana kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima, akauliza chumvi iko wapi. Mtoto wetu mkubwa ameuliza kama ni kweli nililisha watu sumu. Nilimwambia hapana, sikuwalisha, niliwaacha wasimame ndani yake. Akatoka chumbani akaacha mlango wazi, na nilisikia anatema mate kwenye sinki.

Sikuandikii ili unihurumie. Umefanya sawa na nimekukasirikia, yote mawili. Nataka kuja nyumbani. Nitakaa chumba cha mama, nitaziba paa, kesi ikiitwa nitakuwa karibu. Kama hutaki, niambie.

Mdogo wako

14 Novemba

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimefurahi wifi ameuliza chumvi. Wengine huanzia mbali zaidi.

Bomba limefungwa tangu tarehe tano. Walikuja na mtambo, wakaliziba kwa zege huku watu wakiangalia. Kiwanda kimenyamaza kabisa. Wanaofanya kazi mle wamekaa nyumbani, na baadhi yao wakiniona wanatema chini, kwa hiyo usifikiri ni wewe tu unayetemewa. Kijito kinapita, kina uvundo bado, mkubwa wa maji anasema ni lazima tope lote lichotwe na itachukua mwaka na zaidi. Sichori. Brashi zimekauka na sina hamu ya kukaa kule juu peke yangu.

Dobi hafui. Wamevuta bomba la maji safi mpaka karibu na kwake, ila mikono bado haishiki. Vidonda vya miguu vinajaa kutoka chini, vina rangi nzuri nyekundu, vitapona na kuacha makovu. Ukucha sijui. Haji tena jikoni kwangu. Mimi ndiye ninayekwenda kwake kila jioni na mkoba wangu. Ananinyooshea mguu, anageuza uso ukutani, namaliza, naondoka. Hatusemi. Siku ya kwanza nilijaribu kusema pole. Akaivuta miguu yake chini ya kanga, ikabidi nisubiri mpaka aitoe tena. Tangu hapo nafunga mdomo na kufanya kazi.

Unataka kuja, njoo. Hii ni nyumba ya mama yako pia. Sijakusamehe na sitaigiza mlangoni. Tutaishi humu ndani watu wawili wanaonuka vilevile.

Lakini usije kwangu kwanza. Nimemwambia dobi kwamba utakuja, akiwa amegeuza uso ukutani, na nilidhani hatajibu. Akasema: "Aje anitazame." Basi. Sikumuuliza maana yake, na sitakusindikiza.

Njoo mchana, ili kuwe na mwanga wa kutosha. Basi linasimama mara mbili, mbele ya kwa dobi, halafu mbele ya kwangu. Usipitilize. Shuka pale.

Dada yako